Fremu Juu ya Kitanda Kitupu

Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kabla hajazaliwa. Hata kofia. Akitoka anavikwa kanga kuukuu za bibi yake, zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini kama sikio la mbuzi, na hizo nazo hazitolewi sandukuni mpaka asikike analia. Ukimwandalia mapema, unamtangazia nani? Wenye masikio si binadamu peke yao. Hayo ndiyo niliyolelewa nayo upande wa ziwa, na nilikuja nayo London pamoja na dagaa na unga wa muhogo. Dagaa walinipa shida uwanja wa ndege, yule afisa aliwanusa akarudi nyuma, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilikuja kwa sababu ya mimba ya binti yangu. Niseme wazi msomaji asipotee, maana mimi nimeishia darasa la tatu, na nikianza kueleza huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Binti yangu ni muuguzi. Ameolewa na kijana wa kwetu anayeendesha basi, wanaishi Peckham kwenye ghorofa la halmashauri. Mimba mbili zilikwisha kumtoka. Ya kwanza ilikuwa changa. Ya pili ilikuwa kubwa, hospitali wakampa amshike kidogo kabla hawajamchukua. Hii ilikuwa ya tatu, na umri wa binti yangu umekwenda, akaniambia kwenye simu, "Mama, hii isipofika, sijaribu tena." Nikapanda ndege nije niilinde ifike.

Basi fikiri siku mkwe wangu alipoingia mlangoni na boksi refu begani.

"Shikamoo, mama," akasema kutoka chini ya boksi.

"Marahaba. Umebeba nini, jeneza?"

Nikajiziba mdomo. Neno likishatoka limetoka. Yeye akacheka, ni mtu wa kucheka.

"Kitanda cha mtoto, mama."

"Mtoto yupi?"

"Si huyu hapa!" Akanyoosha kidole kwa tumbo la mkewe.

"Huyo bado ni mgeni yuko njiani. Kirudishe dukani."

Binti yangu alikuwa kwenye kochi, miguu imemvimba, ameiweka juu ya mto. "Mama, huku kila mtu ananunua. Usipokuwa na kiti cha gari hospitali hawakuachii mtoto utoke naye."

"Kiti cha gari, na gari lenyewe hamna?"

"Tutakodi teksi."

"Teksi haina viti?"

Nikashindwa. Huku ukibishana na watu waliosoma unashindwa hata ukiwa na haki. Kitanda kikafungwa skrubu, kikawekwa kwenye kona ya chumba nilichokuwa nalala mimi. Cheupe, kina vyuma vya kuteremshia upande mmoja, kimetandikwa shuka lenye vibata. Kila nikigeuka usiku nakiona, kiko pale, kimetandikwa, hakuna mtu.

Sasa uchuro wa kwetu ningeuvumilia. Nimeishi na mambo mengi ya uchuro. Lakini kitanda kile kilinirudishia kitu kingine, na hicho hakikutoka kwa bibi zangu. Kilitoka Marekani.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwa bibi mmoja Mmarekani wa misheni. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi, ile pasi ya mkaa, unaipepea kama samaki wa kuchoma. Mchana wa mvua alikuwa anakaa karibu yangu na kitabu chake. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, jalada limebanduka, kurasa zingine si za kitabu, ni vipande vya gazeti vilivyobandikwa kwa gundi. Anasoma kwanza kwa lugha yake, macho kayafumba, maana mengi alikuwa nayo kichwani. Halafu ananieleza kwa Kiswahili chake, ambacho kilikuwa na maneno yote lakini kilitembea kwa magongo.

Yalikuwa mashairi ya nyumbani. Sijui niyaiteje vingine. Hayakuwa na wafalme wala vita. Yalikuwa na birika jikoni, mama anashona, baba mlevi aliyeuza hata blanketi la mtoto, kijana aliyemdharau mama yake na siku aliyorudi akakuta mlango una kufuli. Mwisho kila moja linakukalisha chini na kukufundisha: sali, usinywe, mpende mzazi wako angali hai. Na yalikuwa na watoto wanaokufa. Ee Mungu, watoto walivyokuwa wanakufa humo ndani! Wanakufa wakitabasamu, wanamuuliza mama swali moja la kumvunja moyo, halafu malaika anakuja.

Mimi nilidhani ni habari za majirani zake. Siku moja nikamuuliza, pasi mkononi, "Bibi, yule mama aliyefiwa na mtoto wa nywele za dhahabu, amejaliwa mwingine?"

"Mama yupi?"

"Yule wa jana."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. Akanieleza kwamba watu wale wote walikufa mama yake mwenyewe hajazaliwa, na kwamba zama zile kule kwao watoto walikuwa wanaondoka kama kwetu, kwa koo, kwa homa, kwa kuhara, nyumba yenye watoto sita inabaki na wawili. Mashairi yalikuwa yanachapwa magazetini, akina mama wanayakata kwa mkasi, wanayabandika katikati ya mapishi ya keki, wanayashika kwa moyo na kuyasoma kwenye mazishi ya jirani. Wasomi walikuwa wanayacheka, alisema, wanayaita machozi ya jikoni. Lakini hakukuwa na nyumba isiyokuwa nayo. Mengine yalitiwa kwenye fremu yakaning'inizwa ukutani.

Hilo nililielewa upesi. Sisi maneno yetu tunayavaa kiunoni. Mwanamke akitaka kumfundisha mwenzake adabu anavaa kanga yenye neno, anapita mbele ya mlango wake taratibu, anarudi tena kama amesahau kitu. Wao wanayaweka ukutani. Tofauti ni kwamba kanga unaweza kuivua.

Nikayasikiliza miaka, nikayajua mwendo wake hata kabla hajafika katikati. Ukisikia kiatu kidogo kimetajwa mwanzoni, jua mwenye mguu hayupo mwishoni. Kikitajwa kiti kidogo, jua hakikaliwi. Na likianza kwa kitanda cheupe kilichotandikwa vizuri, nilikuwa naiweka pasi chini kabisa nisije nikaunguza shuka la watu.

Sasa mimi huyo, mwanamke mzima mwenye mvi, nalala chumba kimoja na kitanda cheupe kilichotandikwa vizuri. Niambie ungelala.

Akina mama wa kanisani wakaandaa bebi shawa. Mimi jina hilo nililisikia nikauliza, shawa si ya kuogea? Wakanicheka. Ni sherehe, wanamletea mjamzito zawadi za mtoto ambaye bado yumo tumboni. Yaani zile nguo, zile soksi, ile midoli, vyote vikapangwa kwenye kile kitanda kwa furaha, huku nimekaa kwenye kiti nakunja kanga yangu naikunjua.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja Mkenya, mkarimu, mnene kama mimi, anafanya kazi ya kutunza wazee kule Stratford. Alikuja na kitu kimefungwa kwa karatasi ya rangi. Akakifungua mwenyewe, hakungoja.

"Haki nikaona hii kwa duka la mitumba, nikasema hii ni ya mtoto wetu. Angalieni tu! Ni ya zamani, imetoka Amerika. Siku hizi hawatengenezi vitu kama hizi."

Ilikuwa fremu ya mbao nyeusi. Ndani kuna karatasi iliyogeuka rangi ya chai, na maandishi ya kupindapinda yenye maua pembeni. Juu ya maandishi kuna picha. Mama ameketi, amelaza kichwa mkononi. Mbele yake kitanda cha mtoto. Juu ya kitanda malaika mwenye mabawa makubwa. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi niliitazama mikono ya malaika. Alikuwa ameinyoosha kama mtu anayepokea, siyo kama mtu anayeleta. Na ndani ya kitanda, nilivaa miwani nikasogea, ndani ya kitanda msanii hakuchora mtoto.

"Mwanangu," nikamwambia yule mama, "nisomee inasemaje."

"Si ni maombi tu, mum. Ni shairi. Ngoja." Akasoma kwa sauti ya kanisani, akawa anatafsiri. "Mama anaimba... nyumba imenyamaza... kitanda ni nyeupe kama theluji... malaika amekuja kwa mlango, amebisha polepole..."

"Amina," wakasema wengine.

"Endelea," nikasema.

"Si imeendelea tu hivyo hivyo. Kizungu cha kitambo, ngumu. Kuna nyota hapa chini."

"Soma mwisho."

"Aai, mum! Chai inapoa, na wewe unataka kumaliza library yote!"

Wakacheka, nikacheka nao, maana mgeni hacheki peke yake wala hanuni peke yake. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amekaa chini ya maputo, mikono yote miwili juu ya tumbo, ameikazia macho ile fremu, hacheki. Wageni walipoondoka nikasema moyoni, kesho itapotea, nitasema imeanguka. Kulipokucha nikaikuta imepigiwa msumari juu ya kitanda.

Nikamfuata binti yangu jikoni. Alikuwa anakaanga mayai.

"Nani ametundika lile jambo?"

"Mimi."

"Unajua linasema nini?"

"Mama, najua Kiingereza. Nimelisoma lote mpaka mwisho. Ni la mtoto aliyekufa."

"Na umelitundika juu ya mtoto wako! Unatuchuria, wewe? Huogopi?"

Akazima jiko. Mayai yalikuwa hayajaiva. "Si juu ya huyu. Ni la wale wawili."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Wale wameandikwa wapi, mama? Niambie. Wa pili nilimshika. Alikuwa na kucha. Nilipokupigia simu uliniambia nini?"

Nilikumbuka nilichomwambia, na sikuwa na haja ya kukumbushwa. Nilimwambia yale mama yangu aliyoniambia mimi, na mama yake alimwambia yeye: nyamaza, usimlilie. Asiyepumua hakaliwi matanga. Wanawake wanamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kimya, mtu hapikiwi uji wa msiba, na jioni mama yake anachota maji kama jana. Ukimlilia unamfungia njia yule anayekuja. Hivyo ndivyo nilivyomzika wa kwangu mmoja, na hata leo sijui kama maneno yale ni ya kweli au ni ya kutufanya tuamke tukalime. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilitaka apate mwingine.

"Yule mama wa kwenye picha," binti yangu akasema, "angalau ana picha."

"Basi liweke sebuleni. Weka chooni. Si juu ya kitanda."

"Liache, mama. Tafadhali." Akawasha jiko tena.

Nikaliacha. Siku zile zilikuwa za mawingu, London inaweza kukaa wiki nzima bila kukuonyesha jua limetokea wapi. Mkwe wangu anatoka kabla hakujakucha, anarudi amechoka. Mimi na binti yangu tunakaa, redio inaongea peke yake. Kila saa namuuliza, anacheza? Ananijibu, anacheza. Namuuliza tena. Akachoka, akawa ananijibu kwa kichwa. Kichwa hakinitoshi, nikawa naweka mkono mwenyewe.

Halafu asubuhi moja niliweka mkono na hapakuwa na kitu. Tumbo lilikuwa gumu, limetulia, kama mtungi uliojaa maji.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Nilifikiri amelala." Yeye muuguzi, anayeuliza wenzake maswali hayo kila siku, akanitazama kama mtoto wa miaka saba.

Tukaenda hospitali kwa teksi. Dereva alikuwa anazungumza habari za mpira. Mkwe wangu hakupatikana, dereva wa basi hashiki simu akiwa barabarani. Wakamlaza, wakamfunga mkanda tumboni, mkunga akawa anasogeza kile kidude huku na huku, na mashine haisemi. Akasogeza tena. Mimi nilikuwa namtazama usoni, uso wa mkunga ndio mashine yangu. Ghafla ukasikika mpigo. Upo, lakini wa kuchechemea, unakimbia, unasimama, unakimbia. Daktari akaja, akatazama karatasi inayotoka, akasema mtoto amechoka, watamtoa kwa kumpasua mama yake mchana uleule, wanaandaa chumba.

"Begi, mama," binti yangu akasema. "Tumesahau begi."

"Acha begi."

"Nenda kalete. Nguo zake zimo. Nenda, mama, usinikalie hapa unanitazama hivyo."

Nikaelewa kwamba hofu yangu inamzidishia yake. Nikapanda basi. Kulikuwa na watu wanakula kuku wa kukaanga kwenye viti vya nyuma, wanacheka. Nikashangaa dunia inavyoweza kuendelea.

Begi lilikuwa chini ya kile kitanda. Nikainama, nikalivuta, na nilipoinua kichwa fremu iko mbele ya uso wangu. Nyumba nzima kimya. Nikanyoosha mkono nilitoe lile shairi. Nikaushusha. Nikasema, nikilitoa na mtoto akapona, nitajiona mganga. Nikilitoa na akaondoka, binti yangu atarudi humu akute nimewafukuza hata wale wawili. Na nikiliacha? Nikaona nimekamatwa, huku nyuma hakuna njia na mbele hakuna njia.

Nikafikiria wale wanawake wa Marekani na mikasi yao. Walikuwa wanaogopa kama sisi, wanafiwa kama sisi, mbona wao waliwalilia watoto mpaka gazetini na wakazaa tena? Au hawakuzaa? Bibi yangu wa misheni hakuniambia kamwe.

Basi nikakunja zulia, nikakaa chini sakafuni, nikanyoosha miguu kama tunavyokaa msibani, nikajifunga kanga kichwani. Nikawalilia. Sikulia cha huku, cha kitambaa puani. Nililia cha kwetu, cha kuita. Nikamwita wa kwanza, nikamwita wa pili mwenye kucha, nikawaambia, wajukuu zangu, hatukuwakalia matanga, leo nawakalia, pokeeni, na mpisheni mdogo wenu mlangoni. Nikamwita na yule wangu wa kwenye migomba. Kwa nini nimfiche? Alikuwa na haki yake.

Mlango ukagongwa. Ni mzee wa Kijamaika wa mlango wa pili, na kofia yake kichwani.

"Nani amekufa?" akauliza. Hiyo niliielewa.

Kiingereza changu ni cha sokoni na kwenye basi. Nikasema, "Wa zamani. Watoto wa zamani." Nikaonyesha kwa mkono kimo chao, kidogo, kidogo zaidi.

Hakuniuliza tena. Alivua kofia, akasimama pale kwenye korido kidogo, halafu akanibebea begi mpaka kituoni.

Nilipofika walikwisha kumpasua. Mtoto wa kike. Alitoka hakulia. Walimfanyia kazi, wakamtia kwenye sanduku la kioo chumba kingine, mirija puani, na wakasema tungoje, usiku huo ndio utakaosema. Mkwe wangu alikuwa amefika, bado na sare ya kazi, amesimama mbele ya kioo hajui aweke wapi mikono.

Binti yangu alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Akanitazama.

"Mbona macho mekundu? Wamekuambia nini?"

"Hawajaniambia kitu zaidi yako. Yuko hai."

"Basi umelia nini?"

"Nimekaa matanga ya wale."

"Wale wepi?"

"Wawili. Chini, sakafuni. Mpaka jirani akaja."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani amekasirika, kwamba nimelia siku ambayo haifai kuliliwa, na labda kweli haikufaa. Halafu nikaona bega linatikisika. Muuguzi akaja mbio, akadhani ni mshono unauma, akataka kumwongezea dawa. Nikamzuia kwa mkono. Tukangoja hivyo, yeye analia na mimi nimemshika mguu juu ya blanketi, mtoto upande wa pili wa ukuta hajasema yeye ni wa kukaa au wa kupita.

Alikaa. Ilichukua muda, mirija ikatolewa mmoja mmoja, akafundishwa kunyonya kama mtu anayefundishwa kazi. Siku tuliyomleta nyumbani, kwa teksi, kwenye kile kiti chao, mimi ndiye niliyepewa nimpeleke kitandani. Fremu ilikuwa palepale. Nilimfunika uso kwa ncha ya kanga mpaka nilipomlaza chini yake na kumgeuzia upande wa dirisha. Binti yangu aliniona kutoka mlangoni.

Sasa amekua, anajigeuza mwenyewe. Anajigeuzia upande wa fremu. Asubuhi nikiamka namkuta macho wazi, anamtazama malaika yule aliyenyoosha mikono, anamchekea, na yeye anainua mikono yake. Namnyanyua haraka, nasema ana njaa.